Tete, gunia na nyekundu iliyopauka: kumsoma Van Gogh kutoka Kisumu

Ukishika barabara ya Jomo Kenyatta kutoka katikati ya Kisumu, ukalipita soko la Kibuye kuelekea Kondele, utakutana na mabango ya vinyozi, ya wasusi na ya maduka yaliyochorwa kwa mkono. Tazama yale yaliyokaa nje miaka miwili mitatu. Buluu ingali buluu, nyeusi ingali nyeusi, ila nyekundu imekuwa waridi, na penginepo imebaki doa tu kama la chai iliyomwagika. Midomo ya mwanamke aliyechorwa na misuko mipya imefutika, na uso uliokuwa na damu umekuwa wa kijivu. Jua limekula rangi moja na kuziacha nyingine.

Picha za Vincent van Gogh zilizotundikwa Amsterdam, Chicago na New York, katika kumbi ambamo mwanga hupimwa kwa kifaa, zimepatwa na jambo lilo hilo. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu linahusu kila anayeshika brashi huku kwetu, awe anachora bango au picha ya ukutani.

Van Gogh hutufikia kama kisa cha sikio. Mtu alikuwa na wazimu, akajikata sikio, hakuuza picha, akajiua, kisha dunia ikamtambua. Kisa hicho kimewadhuru vijana wengi wenye mkono mzuri, maana huwafundisha kwamba sanaa ni homa inayompanda mtu, na asiyepandwa nayo aache. Ukifuata kazi zake mwaka baada ya mwaka unaona kitu tofauti kabisa: kila mara uchoraji wake ulipobadilika, kuna kifaa au malighafi iliyotangulia kubadilika mkononi mwake. Tuna methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Kwa mtu huyu methali hiyo haikai. Alichagua jembe, akalichonga, akaliandikia barua kuliagiza, na jembe likambadilisha mkono.

Maisha yake kabla ya kuchora yanaweza kusemwa upesi. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 Zundert, kusini mwa Uholanzi, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 16 aliajiriwa na Goupil, kampuni ya kuuza picha, mjini The Hague, kisha London na Paris, mpaka alipofutwa mwaka 1876. Akafundisha shule Uingereza, akauza vitabu Dordrecht, akaanza kujiandaa kusoma theolojia Amsterdam akaacha, akaenda kuhubiri kwa wachimba makaa wa Borinage nchini Ubelgiji, nako hawakumtaka aendelee. Agosti 1880, akiwa na miaka 27, aliamua kuwa mchoraji. Alifariki Julai 1890. Kwa hiyo kila tunachokijua ni kazi ya miaka kumi: picha za rangi ya mafuta zaidi ya 800, na michoro ya karatasi inayopita 1,000. Ile miaka ya Goupil haikupotea. Kijana anayeshinda akipanga na kufunga picha za kuuza hufunzwa macho kabla hajafunzwa mkono.

Mkono wenyewe aliufunza kwa kunakili. Alitumia kozi ya Charles Bargue, karatasi 60 za mazoezi ya makaa, akazinakili zote na kuzirudia. Njia yake ni kavu. Unaweka alama mahali umbo linapofika juu kabisa, chini kabisa, kulia na kushoto. Unaziunganisha kwa mistari iliyonyooka, hata kama umbo ni la mviringo. Ndani ya boma hilo unavunja mistari mirefu kuwa mifupi mpaka mviringo utokee. Kisha unachora mpaka kati ya upande wenye mwanga na upande wa kivuli, na kivuli unakijaza mara moja, bila kuzama kwenye nyusi na kope. Mwanafunzi hukosea pale anapoanza na jicho kwa sababu jicho ndilo linalompendeza. Akimaliza, kichwa hakitoshi kwenye karatasi. Van Gogh alifanya makosa hayo na michoro yake ya kwanza inaonyesha. Linalonigusa ni kwamba mwaka 1890, wiki chache kabla ya kufa, baada ya picha zote kubwa, alimwandikia mdogo wake Theo akizitaka tena karatasi hizo za Bargue ili azirudie.

Mwisho wa 1881 alihamia The Hague, ambako Anton Mauve, mchoraji aliyemwoa binamu yake, alimwonyesha rangi ya maji na ya mafuta. Theo alikuwa akimtumia faranga 150 kwa mwezi. Hapo ndipo alipoanza kutumia penseli ya seremala, ile bapa na nene, kwa sababu ilimpa weusi mwingi kwa bei ndogo. Ubaya wa penseli ni kung'aa: ukisugua sana, kivuli kinameta kama sufuria na hakionekani tena kuwa kivuli. Dawa yake ilikuwa maziwa. Alimwagia mchoro maziwa yaliyochanganywa na maji. Mng'ao ukafa, weusi ukawa wa kufifia kama makaa, na unga wa penseli ukashika. Karatasi lazima iwe nene, la sivyo itajikunja. Anayetaka kujaribu huku kwetu akaushe mchoro mbali na sisimizi.

Kifaa cha pili cha The Hague ni kikubwa zaidi kwa maana yake: fremu ya nyuzi. Mwaka 1882 alimwagiza seremala na mhunzi wamtengenezee fremu ya mbao iliyosimama juu ya miguu miwili yenye ncha za chuma za kuchoma kwenye mchanga. Miguu ilikuwa na matundu ya kupandishia na kushushia fremu. Ndani yake alivuta nyuzi: mmoja wa kusimama, mmoja wa kulala, na miwili ya mshazari iliyokutana katikati. Mchoraji anatazama mandhari kupitia nyuzi hizo kana kwamba anachungulia dirishani, na mistari ileile ameichora kwa penseli hafifu kwenye karatasi yake. Barabara inayokimbilia mbali inakata uzi wa mshazari mahali fulani. Anaikata mahali palepale kwenye karatasi.

Fremu kama hiyo seremala yeyote wa jua kali anaitengeneza asubuhi moja: vipande vinne vya mbao, ndani upana wa sentimita 60 kwa 45, misumari midogo katikati ya kila upande na kwenye kona, na uzi wa fundi mwashi. Karatasi iwe na uwiano uleule, kwa mfano 40 kwa 30. Wengi huharibikiwa kwa sababu ya kichwa. Ukisogeza jicho kwa upana wa kiganja tu, nyuzi zote zinaangukia mahali pengine, na nyumba uliyoanza haikutani na ile unayomalizia. Funga kijiti kifupi mbele ya uso na ukiweke kidevu hapo, au chora ukiwa umeegemea mti. Van Gogh aliendelea na kifaa hiki kwa miaka. Picha zake za Paris zilipopigwa kwa miale ya infraredi, mistari ya penseli ya fremu ilionekana chini ya rangi. Hata daraja la Langlois la Arles, ambalo watu husema limechorwa kwa hisia tupu, limesimama juu ya mazoezi ya namna hiyo.

Alipoanza rangi ya mafuta kwa bidii, Agosti 1882, alikwenda pwani ya Scheveningen siku ya dhoruba. Upepo ulirusha mchanga ukaganda kwenye rangi mbichi. Akaikwangua picha na kuanza upya, na bado chembe za mchanga zimo ndani ya rangi hadi leo. Anayechora Dunga, ufukweni mwa ziwa, mwezi wa Februari, pikipiki zikipita na vumbi la murram, anajua shida hiyo. Suluhisho ni kuiacha chembe ikauke pamoja na rangi, kisha kuigusa kwa msasa laini. Ukiivuta ikiwa mbichi, inabeba rangi ya kidole kizima.

Nuenen, kati ya mwisho wa 1883 na mwisho wa 1885, ni kipindi kinachodharauliwa. Picha ni nyeusi, watu wana nyuso za udongo. Lakini tazama utaratibu. Katika majira ya baridi ya 1884 hadi 1885 alichora takriban vichwa 40 vya wakulima, kimoja baada ya kingine, ndipo akathubutu picha ya watu watano mezani, *Walaji Viazi*, yenye upana wa sentimita 114. Mwanzo alizichora nyuso kwa manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeupe. Zilitoka nyepesi mno, zikaelea mbele ya chumba chenye taa moja. Akazipaka upya karibu zote kwa rangi ambayo yeye mwenyewe aliifananisha na kiazi chenye vumbi, ambacho hakijamenywa. Rafiki yake Anthon van Rappard aliikosoa vikali nakala ya chapa ya picha hiyo, na urafiki wao ukaharibika. Nadhani Rappard alikuwa sahihi kuhusu mikono na viungo, na hakuielewa rangi hata kidogo. Ile kijivu haikutoka kwenye nyeusi na nyeupe; ilitoka kwenye nyekundu iliyouawa na kijani, na buluu iliyouawa na chungwa. Ndiyo maana giza lile lina joto.

Kuhusu hilo alikuwa na kifaa kidogo ambacho kingali kimehifadhiwa Amsterdam: kisanduku chekundu cha laka chenye madonge 16 ya uzi wa sufu. Nuenen ilikuwa ya wafumaji, na yeye aliwachora wengi wakiwa kwenye mitambo yao. Mfumaji hachanganyi rangi kwenye kibao. Huzilaza nyuzi sambamba, na jicho la mtazamaji ndilo huchanganya. Baadhi ya madonge yale yana nyuzi za rangi mbili tatu zilizosokotwa pamoja. Kabla ya kupoteza tyubu ya rangi, alijaribu kwa uzi: je, manjano hii ikikaa na urujuani huu zitachangamka au zitazimana?

Jaribio hilo gharama yake ni ndogo mno Kibuye, kwenye meza za akina mama wanaouza nyuzi za kushonea vitambaa. Nunua donge dogo jekundu, la kijani, la manjano, la zambarau, la buluu na la chungwa. Zungushia nyekundu na kijani juu ya kadi mistari kumi kumi, kisha nenda hatua sita nyuma. Kwa karibu zinapigana. Kwa mbali zinageuka kahawia. Sasa rudia, lakini uweke mstari mmoja mwekundu kwa kila mitano ya kijani: ule mwekundu unawaka. Aliye na brashi na akafanya hivyo mchana mmoja ameokoa miezi ya kusoma nadharia, na atajua kwa nini kiwango cha rangi kina uzito kuliko rangi yenyewe.

Alipofika Paris mwisho wa Februari 1886 kwa mdogo wake, alikuta wachoraji walioitwa Waimpresionisti wakifanya kwa rangi angavu kile alichokwisha kukifikiri kwa nyuzi. Hakuwa na pesa za kulipa watu wa kumkalia, basi akachora maua majira yote ya kiangazi, na kwa kioo akajichora mwenyewe zaidi ya mara 20 katika miaka miwili. Hizo picha za uso wake hazikuwa za kujipenda. Zilikuwa meza ya majaribio ya bure. Alinunua chapa za Kijapani kwa mamia, karatasi za bei ya chini zenye rangi tambarare na mstari mweusi wa kukata, na akazionyesha kwenye mkahawa. Kutoka kwa chapa hizo alichukua ujasiri wa kuacha kivuli.

Kisha Arles, kusini mwa Ufaransa, tarehe 20 Februari 1888. Theluji ilikuwa imeanguka. Majira ya kuchipua yakaja, akachora bustani za matunda zilizochanua, picha takriban 14 kwa mwezi mmoja. Lakini jambo la Arles, kwa maoni yangu, halikuwa jua wala manjano. Lilikuwa tete lililoota kando ya mifereji.

Kalamu ya tete ni kifaa cha kale, na Arles matete yalikuwa mazuri na ya bure. Huku kwetu pia yapo, kando ya ziwa na kwenye mito inayoingia ghuba ya Winam. Wengi hukosea wakachukua mafunjo kwa sababu ndiyo yaliyojaa Dunga. Mafunjo hayafai: ndani yana nyama laini kama sponji, na ncha yake inavimba ikiguswa na wino. Unataka tete lenye uwazi katikati na ganda gumu, unene wa penseli, lililokauka likiwa bado limesimama. Kata kipande cha sentimita 20 hivi. Kiache kivulini wiki mbili au tatu hata kama kinaonekana kikavu. Kata mwisho mmoja mshazari kwa kisu kikali sana, mkato mrefu wa sentimita tatu. Punguza pande zote mbili ili ncha ibaki nyembamba. Pasua ncha katikati, sentimita moja tu, kisha ilaze kwenye kipande cha ubao mgumu na uikate mraba kwa pigo moja. Mpasuko ukizidi, kalamu itafunguka kama mdomo wa bata na kutema wino wote mahali pamoja. Ncha ikichakaa, baada ya kurasa chache, ikate upya. Kalamu moja hufika mwisho ikiwa fupi kama kidole.

Sasa chovya na uchore mstari. Mstari utakufa baada ya sentimita tano au sita, kwa sababu tete hubeba wino kidogo. Hauwezi kuchora mstari mrefu unaoteleza kama wa kalamu ya chuma. Unalazimika kusema kwa vifupi: nukta, kistari, ndoano, koma. Na kila kistari kina mwanzo mnene na mwisho mkavu, kwa hiyo kinaonyesha kilikoelekea. Ukitazama michoro ya Montmajour, kilima karibu na Arles, ya Julai 1888 unaona ameunda alfabeti nzima kutokana na upungufu huo. Nukta ni ardhi ya mbali. Vistari vya kusimama ni ngano. Ndoano ni majani ya mti. Mbingu ameiacha karatasi tupu, au ameijaza nukta za mbali mbali.

Kiangazi hicho alifanya jambo ambalo wachambuzi hawalipi uzito wake. Alichukua picha alizokwisha kuzichora kwa mafuta, akazichora upya kwa tete, michoro 32: 15 kwa Émile Bernard na 12 kwa John Russell, wachoraji wenzake, na 5 kwa Theo. Yaani alitafsiri rangi kuwa vistari. Mtu akitafsiri mara 32, lugha ya pili huanza kuingia katika ya kwanza. Baada ya hapo brashi yake inatembea kama tete: pigo fupi, lenye mwelekeo, lililo peke yake. Ile mbingu inayozunguka ya *Usiku Wenye Nyota* ya Juni 1889, ambayo watu huieleza kwa ugonjwa, unaweza kuisoma kistari kwa kistari kama mchoro wa tete uliotiwa rangi. Mgonjwa hapigi vistari elfu bila hata kimoja kukosa upande wake.

Mei 1888 alikuwa amepanga nyumba ya manjano, namba 2 Place Lamartine. Agosti alichora alizeti, picha nne ndani ya siku chache, maana ua hunyauka haraka. Katika ya nne, maua ya manjano yako mbele ya ukuta wa manjano, ndani ya chungu cha manjano: hapo hapana rangi kinzani, yaani rangi inayoichangamsha nyingine zikikaa pamoja, ya kukuokoa, unabaki na unene wa rangi na mwelekeo wa brashi. Nyuma ya maua amepiga brashi kwa kukatiza, ya kusimama na ya kulala, kama ukili wa kikapu, ili ukuta usichanganyike na petali.

Oktoba akaja mchoraji mwenzake Paul Gauguin, akanunua mita 20 za kitambaa cha juti, kitambaa cha gunia, wakagawana. Gunia lina nyuzi nene na lina kiu. Linafyonza mafuta kutoka kwenye rangi, na rangi inabaki kavu, bila kung'aa. Mistari myembamba haikai. Unalazimika kuweka mabaka mapana. Gauguin, aliyependa mabaka, alinufaika. Van Gogh ilibidi aongeze rangi mpaka nyuzi zizame, na tokeo ni uzito fulani mpya katika picha za Novemba na Desemba, pamoja na moja ya nakala za alizeti.

Wachoraji wetu wanaotumia gunia kwa sababu merikani imepanda bei wanapaswa kulijua hili mapema. Paka gundi ya mbao iliyotiwa maji, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, mara mbili, ukiacha ikauke kabisa katikati. Halafu rangi nyeupe ya ukutani mara mbili, na msasa mwepesi. Bila gundi, mafuta ya rangi yataozesha nyuzi, na baada ya miaka michache gunia litachanika kwenye misumari ya fremu. Na picha yenye rangi nene usiilaze juu ya nyingine kabla haijakauka. Van Gogh alirundika picha na kuzikunja kuzipeleka kwa Theo kwa treni. Kwenye kazi zake kadhaa vilele vya rangi vimelala bapa, na alama ya nyuzi za kanvasi nyingine imegandamizwa juu yake. Msimu wa mvua ndefu, hewa ya ziwani ikiwa nzito, rangi ya mafuta iliyowekwa nene kama siagi kwenye mkate huchukua miezi.

Sikio lilikatwa Desemba 23, 1888. Mei 1889 aliingia mwenyewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, akakaa mwaka mmoja, na akachora picha takriban 150. Wanaosema wazimu ulimchorea waangalie kalenda. Katikati ya Julai shambulio lilimpata, na kwa takriban wiki sita hakuna picha. Alipopona, brashi ikarudi. Alichora katika nafasi ambazo ugonjwa ulimwachia, na katika nafasi hizo alijipa kazi ya darasani: alinakili chapa za mchoraji Millet zisizo na rangi, zaidi ya 20, akizitia rangi zake, na akajilinganisha na mpiga muziki anayecheza utunzi wa mwingine kwa namna yake. Msimamo wangu hapa hauyumbi. Ugonjwa ulimwibia miezi. Haukumpa hata pigo moja la brashi.

Auvers, kaskazini mwa Paris, alikaa siku 70 na kuchora karibu picha moja kila siku, nyingine kwenye kanvasi mpya kwake, sentimita 50 kwa 100, mraba mbili zilizoungana. Umbo refu namna hiyo halina katikati, ndiyo maana mashamba yale ya ngano yanaonekana kukimbia pande mbili. Alifariki Julai 29, 1890, akiwa na miaka 37. Theo alimfuata Januari 1891. Ni mjane wa Theo, Johanna, aliyezilinda picha na kuzichapisha barua mwaka 1914. Na kuhusu kuuza: mwaka 1882 mjomba wake alimwagiza michoro 12 ya mji na kumlipa, na mwaka 1890 Anna Boch alinunua *Shamba Jekundu la Mizabibu* kwa faranga 400.

Sasa nyekundu. Kati ya rangi alizoagiza Paris ilikuwamo moja iliyoitwa geranium lake. Ilitengenezwa kwa eosini, rangi ya maabara iliyoanza kuuzwa miaka ya 1870, iliyogandishwa juu ya unga mweupe. Ikiwa mbichi ni nyekundu ya kupendeza kuliko zote, yenye waridi ndani yake. Mwanga huivunja. Van Gogh alijua. Aprili 1888 alimwandikia Theo kwamba rangi zote zilizoletwa na Waimpresionisti hazidumu, kwa hiyo ni sababu ya kuzitumia kali bila woga, kwani wakati utazilainisha. Nusu ya hesabu hiyo ilikuwa sawa. Kosa lake ni kudhani wakati hulainisha rangi zote kwa kipimo kimoja. Wakati uliichukua nyekundu na kuiacha buluu.

Chumba chake cha kulala cha Oktoba 1888 kilikuwa na kuta za urujuani mwepesi. Barua inasema hivyo waziwazi, pamoja na kitanda cha manjano ya siagi na milango ya rangi ya lilaki. Urujuani na manjano ni rangi kinzani, na alitaka macho yapumzike kati yao. Leo kuta ni buluu. Mwelekeo wote wa picha umehama, na mtu anayesema chumba kile kina ubaridi wa upweke anasoma kazi ya jua. Mawaridi aliyoyachora Mei 1890, siku za mwisho za Saint-Rémy, yalikuwa ya waridi. Sasa ni meupe. Manjano nayo haikupona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba manjano ya kromi, hasa ile nyepesi ya limau, hugeuka kahawia kwa sababu kromi iliyomo hubadilika hali inapopigwa na mwanga.

Makumbusho hushusha mwanga hadi laksi 50, laksi ikiwa kipimo cha mwanga, kwa kazi dhaifu. Jua la saa sita mchana Kisumu ni kama laksi 100,000. Kwa hiyo anayechora bango huku hawezi kuiamini nyekundu kwa kuitazama dukani. Aipime. Paka ukanda wa kila rangi unayotumia kwenye kipande cha bati, funika nusu kwa karatasi ya aluminiamu iliyobanwa vizuri, na ukiweke juu ya paa wiki nane. Fungua, linganisha. Nyekundu ya udongo, yaani ngeu, na ile oksaidi nyekundu ya kupaka sakafu zitakuwa vilevile. Hazing'ai kama damu, ila hazikimbii. Nyekundu yenye waridi ndani yake ndiyo itakayokuwa imepauka, na ukilazimika kuitumia kwenye midomo, weka oksaidi chini yake kwanza, ili ya juu ikiondoka uso usibaki bila mdomo.

Na kabla ya kulipaka upya bango la zamani, fungua ile papi ya mbao iliyopigiliwa pembeni kulishikilia. Chini yake, upana wa vidole viwili, utaikuta nyekundu kama ilivyokuwa siku fundi alipoosha brashi yake kwa thina na kuondoka. Changanya rangi yako ukiitazama hiyo.